Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mnara wa Simu Mtaani Kwetu

Ndugu wanachama,

Habari za taa za barabarani, takataka na mishahara ya walinzi mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitasema juu ya mnara, maana ndio uliokula mwaka wetu.

Wakazi wa upande wa chini waliamka wakakuta mafundi wanachimba msingi kwenye ploti iliyo katikati ya nyumba, nondo zimeshafungwa na kokoto zimeziba njia ya watoto wa shule. Bango halikuwapo, wala barua. Tulipodai stakabadhi tukaonyeshwa ripoti ya athari za mazingira, ndani yake hojaji zinazodaiwa kujazwa na majirani. Mimi na katibu tulizipitia moja baada ya nyingine. Mwandiko ni ule ule, wino ni ule ule, na kila moja inasema, "Sina pingamizi." Moja ina jina la mpangaji aliyehama zamani. Mama ambaye ukuta wa chumba chake cha kulala unapakana na shimo lile hakuulizwa na mtu yeyote. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kesi yetu imejengwa juu ya hojaji hizo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na cha 69 kinaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika kuyalinda. Sheria ya mazingira ya 1999 nayo inampa asiyeridhika na leseni ya mradi siku 60 za kukata rufaa. Tulikata kabla muda haujaisha, na kazi imesimamishwa hadi tusikizwe.

Baadhi yenu mlitaka tutangulize saratani. Ni kweli kwamba mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Lakini haijathibitishwa kwamba kuishi karibu na mnara kunaleta ugonjwa, na kamati ilikataa kudai lisilothibitika. Hofu ya mzazi mwenye mtoto mchanga naiheshimu kwa dhati. Hojaji za uongo, hata hivyo, tunazo mkononi.

Wapo wanaosema tunapinga mtandao. Hapana. Wenye maduka wetu wanapoteza wateja kila M-Pesa inapogoma, na wao pia ni wanachama. Tumeiandikia kampuni tukiiomba itafute nafasi upande wa maduka, kando ya barabara kuu, au ikodi nafasi kwenye mnara uliopo tayari, kwani antena za kampuni mbili tatu hukaa mnara mmoja bila shida. Hatujajibiwa.

Nawashukuru waliochangia ada ya wakili, hasa wazee wetu waliotoa kwenye pensheni.

Kilichobaki ni ushahidi. Wakili anataka hati za kiapo kutoka kwa wanaopakana na ploti ile, wapangaji kwa wenye nyumba. Msiogope kuulizwa mmepata hasara gani: kifungu cha 70 cha Katiba hakimlazimishi mlalamishi kuthibitisha hasara. Katibu ana fomu pale mlangoni. Njooni na kitambulisho, na kila mtu ajaze yake kwa mkono wake mwenyewe.