Tuhesabiwe pale tunapofanyia kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini Dar es Salaam inahitaji ramani ya vitovu vyake vya ajira, yaani maeneo yanayokusanya wafanyakazi wengi, kabla ya kuongezewa barabara nyingine za mwendokasi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, kila mmoja pale alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Hesabu hiyo inafaa sana kwa kupanga shule na zahanati, lakini haimwonyeshi mpanga usafiri kwamba aliyelala Mbagala hushinda kiwandani Mikocheni, kama mimi, na kwamba safari yake haina haja yoyote ya kufika Posta, katikati ya jiji.

Mwaka 1991 watafiti Genevieve Giuliano na Kenneth Small, wakitumia takwimu za safari za kwenda kazini za 1980, walichunguza eneo la Los Angeles. Walihesabu kuwa kitovu ni maeneo yanayopakana, kila moja likiwa na wafanyakazi wasiopungua 10 kwa ekari, na yote kwa pamoja yakiwa na wafanyakazi wasiopungua 10,000. Walipata vitovu 32, katika eneo ambalo wengi wangetaja katikati ya jiji tu.

Kipimo hicho tusikichukue kama kilivyo. Kariakoo ingekivuka kwa urahisi, ilhali viwanda vya Barabara ya Nyerere, vyenye maghala mapana na watu waliotawanyika, huenda vikaachwa nje ingawa huvuta maelfu kila asubuhi. Ndiyo maana ni bora kila eneo lilinganishwe na majirani zake kuliko kuweka namba moja kwa jiji zima. Jambo kubwa zaidi ni nani anayehesabiwa. Tukitegemea orodha za waajiri na leseni za biashara peke yake, machinga, mama lishe, fundi wa gereji ya uchochoroni na kijana wa bodaboda hawataonekana, na Mwenge au Tandika zitaonekana kama sehemu za kupita tu, wakati wanaozijua wanajua kwamba hapo watu wanalisha familia zao.

Naziomba halmashauri zetu zisisubiri sensa ijayo. Ziwatume wahesabuji mchana, kata kwa kata, wamuulize kila wanayemkuta akifanya kazi maswali mawili: umetoka wapi, na umepanda magari mangapi kufika hapa?

Mkazi wa Mbagala,
Dar es Salaam