Kuitwa mara ya pili bado si kupata kazi

Dada yangu,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, umwambie ile sauti aliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Mimi mzima. Baridi imeanza lakini nimeshaizoea.

Nimeamua kukuandikia kwa kirefu kwa sababu kwenye simu tulishindwa kuelewana. Niliposema nimeitwa usaili wa pili, Mjomba alikata simu kabla sijamaliza, na hadi jioni ukoo mzima ulikuwa unajua nimepata kazi. Asubuhi nikaamka na ujumbe sita. Mmoja anataka ada, mwingine anataka nimalizie paa, na yule ambaye hatujasemeshana tangu msiba wa Babu naye ananiita "bosi". Imeniuma, Dada. Kusaidia sijawahi kukataa, na wewe ndiye shahidi wangu. Kinachoniuma ni kwamba kazi bado sijapata, na nikiikosa nitaonekana mwongo kwa watu ambao mimi sikuwaambia lolote.

Basi nieleze, na wewe umsomee Mjomba polepole.

Usaili wa kwanza ni chekeche. Maombi ni mengi, wanataka yapungue. Mtu wa rasilimali watu alinipigia kwa video, nusu saa tu, akahakikisha kwamba yaliyo kwenye wasifu wangu ni ya kweli, lugha naiweza, vibali vyangu viko sawa, na mshahara ninaoutarajia hauwazidi uwezo. Yeye si lazima aijue kazi ya ghala. Kazi yake ni kukutoa au kukupitisha. Nikapita. Na hapa uniache nijisifu kwako: aliniambia kwa mdomo wake kwamba tumebaki watatu. Watatu, Dada! Mimi niliyeanza huku kwa kupakua makontena usiku, leo natafutwa niwe msimamizi wa zamu.

Wa pili wanakaa wenye kazi yao. Atakuwepo meneja wa ghala, ambaye ndiye atakuwa mkubwa wangu, atakuwepo mmoja wa wale nitakaoshika nao zamu, na mkurugenzi. Kama naweza kazi au siwezi, hilo wameshaliona kwa wote watatu, ndiyo maana tukabaki. Sasa wanataka kujua wamchukue yupi. Watachimba chini ya majibu yale ya kwanza, na watanitazama kama ni mtu wa kukaa naye usiku kucha siku ambayo kila kitu kimekwama.

Mwaka jana sikulijua hili. Unakumbuka nilivyokaa kimya wiki mbili ukadhani naumwa? Niliitwa mara ya pili mahali fulani, nikawaza kama alivyowaza Mjomba, kwamba wananiita kunikabidhi funguo. Nikaenda na majibu yale yale, neno kwa neno. Mmoja wao alikuwa na karatasi ya usaili wa kwanza mbele yake, akasema, "Hilo tumeshalisoma, tupe zaidi." Zaidi sikuwa nayo. Mwisho wakaniuliza kama nina swali. Nikasema sina, nikidhani ndiyo adabu. Wao wakaona mtu asiyejali anakokwenda. Nililia njiani, Dada, na sikutaka Mama ajue.

Safari hii nimejipanga. Kwanza niliandika barua pepe kuuliza nitakutana na nani, itachukua muda gani, na kama kuna zoezi. Naona wengi wanaogopa kuuliza hivyo, lakini walinijibu siku ile ile, tena kwa upole. Utachukua muda wa saa mbili, na zoezi lipo: nitapewa hesabu ya zamu moja, watu kadhaa, mizigo kadhaa, malori yaliyochelewa, nipange nani afanye nini kisha niwaeleze kwa dakika kumi.

Nimelichukua tena tangazo la kazi nikalisoma mstari kwa mstari, na pembeni ya kila mstari nimeandika jambo nililolifanya mwenyewe: hali ilikuwaje, jukumu langu lilikuwa lipi, nilichukua hatua gani, kikatokea nini. Hicho cha mwisho ndicho nilikuwa nakisahau. Nilikuwa nasimulia forklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, ilivyoharibika usiku na malori mawili yako mlangoni, tulivyosukuma mzigo wa haraka kwa troli za mikono, halafu nanyamaza. Sikusema kwamba lori la mzigo ule wa haraka liliondoka kwa wakati! Nimeandaa na kosa langu, maana wataliuliza: niliwahi kusaini hesabu ya bidhaa bila kuhesabu. Nitawaambia kwamba nilimwambia meneja usiku ule ule, na tangu hapo hesabu yangu lazima irudiwe na mtu wa pili. Nimeandika pia kila nililosema mara ya kwanza, nisije nikajipinga mwenyewe mbele yao.

Habari ya mshahara sitaianzisha mimi. Wakiileta, namba yangu ninayo na sababu zake ninazo.

Maswali ninayo manne, mawili nakuambia. Miezi mitatu ikiisha, mtapima vipi kwamba niliyeshika nafasi hii nimefaulu? Na aliyekuwepo kabla aliondoka kwa nini? Hili la pili nataka kulijua kweli, kwa sababu na mimi nachagua. Nilipo sasa niliingia bila kuuliza, na hayo tuyaache.

Usiku nafanya mazoezi peke yangu chumbani, saa ya simu inahesabu dakika kumi. Ukuta haujibu. Ndipo nakumbuka ulivyokuwa unanikalisha kibarazani kabla ya mitihani, nikikosea unanirudisha mwanzo bila huruma. Namkosa mtu wa kunirudisha mwanzo. Jumatano usiku nipigie, unichukulie kama hunijui, uniulize kwa ukali. Nikijibu kwa kuzunguka, nikatishe.

Ada ya mdogo wetu nimetuma nusu, imetoka kwenye kazi hii hii niliyonayo. Nusu nyingine mwisho wa mwezi. Paa lisubiri, na Mjomba awaambie mwenyewe wale aliowaahidi, kwa mdomo ule ule.

Usaili ukiisha nitawaandikia ujumbe wa shukrani siku hiyo hiyo, kila mmoja wake, nikitaja jambo tulilozungumza naye. Baada ya hapo ni kungoja, pengine siku nyingi, kwa hiyo msiniulize kila asubuhi. Hata wakinipenda, wanaweza kwanza kuwauliza watu niliofanya nao kazi kabla ya kutoa mkataba. Mpaka niwe nimesaini, nyumbani jibu liwe moja: bado.

Usaili ni Alhamisi, saa nne asubuhi ya huku. Nitavaa ile suti ya harusi ya Kaka, bado inanikaa. Mwambie Mama saa hiyo asinipigie, aniombee tu. Nikitoka mlangoni nitampigia yeye kwanza, halafu wewe. Mjomba utamwambia wewe.

Mdogo wako