Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani: pigeni marufuku kuhariri jeni za watoto wasiozaliwa

Mheshimiwa Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus,

Salamu, na pole na majukumu. Mimi ni mzazi wa mtoto mwenye selimundu (sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi), na nimeshindwa kunyamaza baada ya tangazo kurushwa wiki hii kwenye grupu letu la wazazi, kampuni inasema itahariri, yaani itabadilisha, jeni za kiinitete (mimba changa kabisa iliyotungwa maabara) kabla hakijapandikizwa tumboni, eti ugonjwa uishie hapo. Wenzangu wameshaanza kuuliza bei. Siwalaumu, ukikesha na mtoto anayelia mifupa na huna la kumfanyia utauliza bei ya chochote.

Lakini haya si tulishayaona? 2018 kule China mwanasayansi He Jiankui alitangaza amehariri viinitete kwenye jeni ya CCR5, ile ambayo virusi vya ukimwi huitumia kuingia kwenye seli, na mapacha wamezaliwa, ili wasipate virusi vya ukimwi, wakati njia za kumkinga mtoto ambaye baba yake ana virusi zilikuwepo tayari na hazigusi jeni kabisa. Na mabadiliko yaliyotokea hayakuwa hata yale ya watu wanaozaliwa na kinga hiyo. Mahakama ikamfunga miaka 3, 2022 akatoka. Wale watoto je? Wao kifungo chao kiko mwilini, wakizaa wanaweza kurithisha, na hakuna aliyewauliza.

Shirika lako likaunda kamati, 2021 ikapendekeza rejista ya tafiti na utaratibu wa kuripoti kwa siri tafiti zinazovunja maadili. Nashukuru. Sasa mimi nina tangazo mkononi, niripoti wapi, na nani atawazuia? Mapendekezo hayamfungi mtu yeyote!

Na naomba sana watoto wetu wasifanywe kisingizio. Wazazi wote wawili wakiwa AS, yaani wamebeba jeni ya selimundu lakini hawaumwi, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa selimundu, yaani viinitete vingi havina ugonjwa na kuvipima inawezekana bila kuhariri kitu (upimaji nao una maswali yake, lakini haumbadilishi mtu). Na aliyekwisha kuzaliwa tiba ya jeni ipo, Uingereza waliiruhusu Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, wanachukua seli shina za damu (zile zinazotengeneza damu) za mgonjwa mwenyewe wanazihariri wanamrudishia, wajukuu hawaguswi. Ila Marekani bei yake ni dola milioni 2.2! Hapo ndipo nguvu zingeenda, kuishusha hiyo bei, mwanangu yupo hai leo na anaumwa leo.

Mei 2025 wataalamu wenyewe wa tiba za seli na jeni waliomba kuhariri jeni za kurithishwa kusimamishwe miaka 10. Mwezi huohuo nchi wanachama wako walipitisha mkataba wa majanga ya magonjwa, kwa hiyo mkitaka mnaweza.

Mheshimiwa, ombi langu ni moja, marufuku ya kupandikiza kiinitete kilichohaririwa, marufuku yenye nguvu ya sheria, sio mapendekezo tena. Na utujibu hadharani, matangazo kama haya tuyaripoti wapi.

Wako,
Mzazi wa mtoto mwenye selimundu