Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wapiga picha za tiba wenzangu,

Vikao vya robo mwaka vilifanyika, Siku ya Radiografia Duniani tuliiadhimisha Novemba 8, na waliofiwa tuliwafikia. Hayo mnayajua.

Nije kwenye lile linalosemwa pembeni: kwamba kamati "ilimeza" 1,850,000/= za mafunzo kwa picha za kiungo kimoja, bega, ilhali wengi walitaka siti skani (CT). Wazo lilikuwa langu, na kamati ililiafiki kwa kura 5 dhidi ya 2. Sijutii.

Kituo kimoja, sitakitaja, kilimning'iniza seremala mkono kwa wiki kadhaa, eti amevunjika ncha ya akromioni, yaani mfupa ulio juu kabisa ya bega. Hakuvunjika. Ncha hiyo kwa kawaida huungana na mfupa wake kufikia miaka 25, lakini kwa takriban watu 8 katika 100 haiungi kamwe. Kingo zake huwa laini, zenye ganda jeupe. Za mfupa uliovunjika jana huwa kali. Picha ya kwapani ndiyo huionyesha vizuri, na ndiyo hiyo tunayoiruka foleni ikirefuka.

Kwa watoto, gegedu la ukuaji, pale mfupa unaporefukia, kwenye ncha ya juu ya mfupa wa mkono limeinuka kama hema, hivyo picha moja hutoa mistari miwili, na wa pili tunauandika ufa. Wenzetu wa MRI, picha za sumaku, nao wasicheke. Tundu chini ya labramu, ule ukingo laini unaozunguka kikombe cha bega, upande wa mbele juu, ni la kawaida kwa takriban mtu 1 kati ya 10. Kuna pia hali ya kuzaliwa iitwayo Buford, yapata 1.5%, ambapo labramu ya hapo haipo kabisa na kano ya kati ya mbele ya bega imenenepa. Daktari akishona hapo kwa kuamini labramu imechanika, mgonjwa atashindwa kuzungusha mkono kwenda nje. Mnaniuliza kwa nini bega?

Waliohudhuria mafunzo hayo ni 19 kati ya wanachama 64. Wanaolalamika zaidi hawakuwepo, na daftari la mahudhurio ninalo.

Ada wamelipa 27. Deni la ukumbi, 340,000/=, nimelibeba mfukoni mwangu tangu Agosti, ingawa hilo halisemwi pembeni.

Mwakani, Mungu akijalia na mfuko ukiruhusu, tutaitazama siti skani, pengine pia tukusanye picha za mabega ya kawaida kila kituo kiwe nazo.

Mhazini amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti