Shemeji, makombe hayo usiyaoshe

Shemeji,

Picha yako nimeipata: makombe matatu ya konokono, meupe, yamepangwa kwenye kitambaa cha meza kama vikombe vya wageni. Na maneno yako chini: "Nilikwambia bahari ilifika Ujiji." Hongera kwa kisima kilichoyatoa. Nilipouliza yametoka futi ya ngapi, ukasema fundi aliyarusha juu na udongo, kisha watoto wakayaosha kwa sabuni ya unga.

Basi ushahidi umekwenda na maji ya sabuni. Sikucheki. Nikiwa mwanafunzi niliwahi kutia makombe ya matabaka matatu ya udongo kwenye rambo moja, mwalimu akayamwaga nje ya dirisha bila kusema neno. Tabaka la chini ndilo lililotangulia kulala, la juu likafuata. Kombe lisilojulikana limetoka tabaka gani ni pambo tu.

Hiyo bahari yako ilishampoteza na msomi. Mwingereza J. E. S. Moore alikuja Ziwa Tanganyika mwaka 1896, akaja tena 1899. Aliona konokono wetu wana makombe mazito yenye matuta, akayafananisha na visukuku (mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe) vya bahari ya enzi ya Jurasi, akahitimisha kuwa ziwa ni mabaki ya bahari ya kale. Sura ilimdanganya. Jurasi iliisha miaka milioni 145 iliyopita. Ziwa linakadiriwa kuwa na miaka milioni 9 hadi 12. Unene ule unatokana kwa sehemu kubwa na kaa wa humu humu ziwani wanaovunja makombe: mwembamba huliwa, mnene huzaa.

Ukitaka bahari ya kweli nenda Tendaguru, Lindi. Wajerumani walichimba dinosaria pale kuanzia 1909 hadi 1913, na katikati ya matabaka ya mifupa wakakuta matabaka yenye makombe ya Trigonia, kiumbe wa baharini mwenye kombe la vipande viwili. Kila walipoyakuta, walijua maji ya chumvi yalikuwa yamepanda hapo.

Yako ni ya ziwa, na huenda si ya zamani sana. Mwaka 1878 ziwa lilijaa hadi likafurika kupitia Mto Lukuga, kisha katika miaka iliyofuata likashuka kama mita 10, likaacha nchi kavu palipokuwa na maji. Hata kipimo cha kaboni 14, kinachokadiria umri wa mabaki ya viumbe, kingehitaji tahadhari, kwani konokono wa ziwani hujenga kombe kwa kaboni iliyokaa majini muda mrefu, hivyo huonekana mzee kuliko alivyo. Tena makombe matupu hulala chini ya ziwa karne nyingi, samaki wadogo wakiyafanya nyumba, ndipo tope liyafunike. Kombe linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko tope lililolifunika.

Umesema kuta za kisima bado hazijajengewa? Basi kabla fundi hajashusha tofali, shuka na futikamba. Kila kombe utakalolikuta ukutani lipige picha likiwa palepale, litie kwenye mfuko wake, andika kina na rangi ya udongo. Na watoto wafichie sabuni.