Kuhusu mnara wako wa methili asetati

Zuhura shoga yangu,

Salamu nyingi, na mtoto nibusie. Majedwali ya modeli yako ya kompyuta ya mnara nimeyapata na nimeyapitia yote.

Unasema kila ukiongeza kimiminika kinachorudishwa kileleni (mvuke uliopozwa ukarudishwa mnarani), methili asetati inazidi kuchafuka, hivyo programu ni mbovu. Programu haina kosa, shoga. Kwenye mnara wa kawaida wa kukenekea, yaani wa kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha, kurudisha zaidi ndiko kusafisha zaidi. Tumekaririshwa hivyo tangu mwaka wa pili. Wako una mmenyuko tumboni, tena wa kwenda na kurudi. Asidi ya asetiki inaingia juu, methanoli chini, zikutane katikati zizae methili asetati na maji. Ukirudisha kupita kiasi, unaisukuma methili asetati palepale ilipozaliwa, mmenyuko unageuka nyuma, na asidi nayo inazimuliwa. Ukirudisha kidogo mno, utenganishaji unakufa. Tafuta katikati.

Hiyo asidi ndiyo inayonifurahisha. Kampuni ya Eastman, kule Kingsport, Tennessee, miaka ya 1980 iliingiza kazi ya mtambo mzima ndani ya mnara mmoja, kwa sababu asidi iliyo malighafi, ikishuka, inavunja pia azeotropu (michanganyiko inayochemka pamoja bila kutengana) za methili asetati na maji, na methili asetati na methanoli. Malighafi inafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja!

Ila modeli yako haiwezi kuliona hilo, maana umekichukulia kimiminika kama mchanganyiko kamilifu, kana kwamba molekuli za aina tofauti hazibaguani. Methili asetati inachemka kwenye nyuzi 57 hivi, methanoli 65; kwa hesabu yako zinaachana kirahisi tu, azeotropu hazimo kabisa. Weka NRTL au UNIQUAC, milinganyo inayohesabu kubaguana huko. Na kwenye mvuke, kumbuka molekuli za asidi ya asetiki hushikana mbilimbili; ukilipuuza hilo, hesabu ya mvuke inapotoka.

Jingine: umeacha mmenyuko ufikie msawazo (kwenda na kurudi kulingane) kwenye kila trei, yaani kila ngazi ya ndani ya mnara. Haufiki, hata kwa kichocheo cha asidi ya salfuriki. Weka kasi yenyewe ya mmenyuko, izidishe kwa ujazo wa kimiminika kilichokaa kwenye trei.

Milinganyo ikigoma kufikia jibu, anza na mnara usio na mmenyuko, kisha pandisha kasi kidogo kidogo, kila jibu liwe mwanzo wa hesabu inayofuata. Nitumie faili jipya kabla hujaanza kuandika sura ya matokeo, na usimwonyeshe msimamizi grafu ile ya zamani.

Wako,
Mwanaidi