Risala kwa mgeni rasmi, matembezi ya Oktoba, bustani ya miti ya Westonbirt

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu wetu,
Mwenyekiti na kamati yako,
Wazazi, walezi na watoto,
Itifaki imezingatiwa.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mwalimu, shikamoo.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, ukaacha joto la nyumbani na kuja kukaa nasi kwenye nyasi zenye umande kwa chai ya chupa. Sisi ni wazazi na watoto wa darasa la Kiswahili la Jumamosi mjini Bristol. Wengi asili yetu ni Unguja, Mombasa na Tanga, wengine Bukavu na Bujumbura. Tulianza na watoto saba sebuleni kwa mmoja wetu. Leo wapo thelathini na mmoja, na sebule imetushinda.

Mgeni Rasmi, huenda ukajiuliza darasa la lugha limefuata nini msituni. Limefuata rangi. Watoto wetu walijua nyekundu, njano, kijani, basi. Leo madaftari yao yana hudhurungi, kahawia, zafarani, urujuani, maji ya kunde na damu ya mzee. Hiyo ya mwisho ilizua ubishi chini ya mti mmoja wa Acer ya Kijapani. Binti mmoja alikuwa ameshika jani lenye vidole saba vyembamba, katikati limeiva karibu na weusi, nchani linawaka. Alipoambiwa hiyo ndiyo damu ya mzee, akauliza: mzee gani? Hatukuwa na jibu. Tunakuachia wewe, Mwalimu.

Bustani hii, iliyo karibu na Tetbury, Gloucestershire, ilianza kupandwa mwaka 1829 na Robert Holford, tajiri aliyependa miti kiasi cha kuhamisha kijiji kizima ili apate nafasi anayoitaka kuzunguka nyumba yake. Wanakijiji walionaje, sisi tunaweza kukisia. Mwanawe, Sir George, aliendeleza kazi, na mwaka 1956 bustani ikaingia mikononi mwa idara ya misitu ya serikali. Leo ina miti takriban 15,000 ya aina kama 2,500. Tangu 2016 ipo njia ya juu ya mbao na chuma, urefu wa mita 300 hivi, isiyo na ngazi, kwa hiyo hata bibi zetu wa viti vya magurudumu wamepita usawa wa matawi na kurudi wakijisifu.

Watoto wakubwa wametuandalia maelezo. Ukijani wa jani ni klorofili, inayotumia mwanga wa jua kuupikia mti chakula. Siku zikifupika, mti huivunja klorofili hiyo na kurudisha naitrojeni ya jani kwenye matawi na shina. Njano ilikuwemo jikoni siku zote, imefunikwa tu. Wekundu ni habari nyingine: hutengenezwa upya, siku za mwisho kabisa, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani. Ndiyo maana mwaka wenye michana ya jua na usiku wa baridi isiyofika kugandisha, wekundu hukolea. Kwa nini mti ujigharimu kulipaka rangi jani unalokaribia kulitupa? Wataalamu wenyewe bado wanabishana.

Ila mti uliotuteka zaidi hauna wekundu mwingi. Ni katsura, wa Japani na China, jani lake dogo lina umbo la moyo kama tambuu. Likishageuka njano na kuanguka, hutoa harufu ya sukari inayoungua. Tulikuwa tukipita, mtoto wa miaka mitano akasimama ghafla: "Bibi, nani anapika kashata?" Wazee watatu wakainama kunusa ardhi. Picha zipo.

Kuna jambo limetusumbua. Kamusi zinauita msimu huu vuli. Bibi zetu wamekataa katakata: vuli ni mvua, ni watu kushika majembe. Miezi inakaribiana, mambo hayafanani. Darasani tumekubaliana kusema majira ya kupukutika, maana neno hilo watoto wameliona kwa macho, upepo ulipopita na majani yakamwagika kama mchele wa gunia lililotoboka. Na si kwamba nyumbani hatuyajui haya. Aliyekulia chini ya mkungu anajua majani yake huwa mekundu kabla ya kuanguka. Tuliyafagia kila asubuhi bila kuyatazama mara mbili. Huku watu hulipa kiingilio.

Mgeni Rasmi, changamoto hazikosi. Mwaka wa kwanza mwenye basi alituahirishia mara mbili, tukafika mwisho wa Novemba baada ya dhoruba. Tulikuta matawi matupu na matope. Watoto walijifunza neno moja tu siku hiyo, nalo ni tope.

Tuna maombi mawili. Kwanza, utusaidie kuchangisha nauli ya basi mapema, ili mwakani tuwahi katikati ya Oktoba kama leo. Pili, utufungulie kasha lako la kanga Jumamosi moja, uwafundishe watoto rangi zilizomo kwa majina aliyoyatumia mama yako, kwa sababu majina mengine sisi wazazi tumeyasahau na tunaona haya kusema.

Watoto wamekuandalia bahasha ya majani, kila moja limeandikwa rangi yake. Yote yameokotwa chini, hakuna lililochumwa. La damu ya mzee liko juu.

Tunaomba kuwasilisha.